Kadi ya Sitini

Dagny Myhre aliendesha basi la shule miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakumpandishia mtoto sauti hata mara moja. Hakuwa na haja. Alikutazama tu kwenye kile kioo kirefu cha mbele, nawe ukakaa kitako. Wanangu wawili walipanda basi lake, na mpaka leo, watu wazima wenye ndevu, wakimkuta dukani kwangu wananyoosha migongo.

Duka langu liko Orvik, kwenye njia ya kuteremkia Mto Kellum. Nauza ndoano, mishipi, mabuti ya mpira, kahawa na maneno. Maneno ni bure. Jina langu Nestor Abrenica. Baba yangu alitoka Ilocos, ng'ambo ya bahari, kuja kufanya kazi kwenye viwanda vya samaki wa makopo, na mimi nikazaliwa huku kwenye mvua. Dagny namwita Manang, kama nilivyomwita dada yangu mkubwa. Yeye ananiita Nestor, na akikasirika ananiita “bwana mwenye duka.”

Tangu alipostaafu, Dagny ana kazi moja: kuvua samaki aitwaye trauti. Si wale wa bwawani. Wake ni wale wanaoteremka mtoni mpaka baharini, wakala wakanenepa, kisha wakarudi na mvua za kwanza za vuli, wakimetameta kama vijiko vipya. Anawavua bila chambo, kwa ndoano za manyoya anazozifunga mwenyewe mezani jikoni, na tisa kati ya kumi anawarudisha majini. Sabini na tatu amefika, na bado anaingia mtoni mpaka kiunoni.

Sasa hapa ndipo hasira zangu zinapoanzia, mnivumilie. Kwenye mto wetu bwana mkubwa ni samaki mwingine, samoni mfalme. Wa asili wamebaki wachache, na kila mwaka wenye kupanga misimu wanakaa kikao wanampangia yeye kwanza. Lini anapanda, lini anataga, lini vitoto vyake vinateremka. Wakimaliza kumtandikia mfalme, ndipo wanageuka kuona trauti amebakiwa na nini. Trauti ni wengi, ni wazima, hawana kesi na mtu. Lakini ndoano haijui kusoma. Ukimtupia trauti, siku moja moja anakuja mfalme, na hata ukimwachia, yule ameshachoka, na wanasema wengine hufa baadaye. Kwa hiyo msimu wa trauti unafungwa kwa ajili ya samaki ambaye hakuna aliyekuwa akimvua. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo ilivyo.

Miaka saba iliyopita waliufunga mto kwa kila ndoano, Agosti hadi mwisho wa mwaka, vuli mbili mfululizo. Duka langu lilibaki na mimi na redio. Ndipo Dagny aliposimama kwenye mkutano, pale kituo cha zimamoto, mbele ya mabwana wa ofisi ya samaki.

“Mmetufungia kwa sababu hamjui tunawagusa wafalme wangapi,” alisema. “Tutawahesabu wenyewe.”

“Na mkidanganya?” akauliza mmoja.

“Basi mfunge. Lakini watoto wa mji huu nimewabeba mimi. Nawajua.”

Wakatupa kikomo: wafalme sitini. Kuanzia katikati ya Agosti, kila mvuvi wa trauti akimgusa mfalme, hata kama amemwachia mzima, anaandika kadi ya kijani na kuitia kwenye sanduku mlangoni kwangu. Kila jioni mimi nafungua sanduku, napiga simu ofisini, naandika hesabu kwenye ubao wenye chaki. Ikifika sitini, mto unafungwa mpaka Mei. Mwaka huu ulikuwa wa sita tangu tuanze, na mara zote tulikuwa tumefika mwisho wa Oktoba bila kufungiwa.

Mwaka huu wafalme walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Ni habari njema, na kila mtu alinuna.

Aliyenuna kuliko wote, kimyakimya, ni Dagny. Dada yake Solveig alikuwa anakuja. Solveig ana miaka sabini na saba. Aliolewa Minnesota akabaki huko, na miaka kumi na moja ilikuwa imepita bila wao kusimama pamoja kwenye mto waliokulia. Kila Jumapili wanazungumza kwenye simu, na mazungumzo yenyewe ni mto tu. Angefika Jumapili tarehe nne Oktoba, akae siku tatu. Dagny alifunga ndoano za manyoya ishirini na nne. Alinunua mabuti ya mpira saizi ya Solveig, akayajaribu kwa maji ndani ya beseni la kuogea aone kama yanavuja. Kisha kila siku akawa anapita dukani, hanunui kitu, anatazama ubao na kutoka.

Alhamisi tarehe moja ubao ulisema hamsini na nane.

Siku hiyo nilifunga duka saa sita mchana, nikamfuata mtoni. Manyunyu yalikuwa yanashuka, maji yana rangi ya chai, hali nzuri kabisa. Alikuwa ameshawarudisha trauti wawili nilipofika. Mara ya tatu mshipi ukakaza, ufito wa kuvulia ukapinda mpaka mkononi, na nikajua kabla hajasema. Yule hakuwa trauti. Akaruka mara moja, mgongo mweusi, mrefu kama mkono wangu mzima.

Dagny hakumchezea. Alimvuta upesi, akamweka kwenye maji ya kina kifupi bila kumtoa nje, akaizungusha ndoano kwa koleo mpaka ikachomoka, na mfalme akampiga mkia usoni akaenda zake. Dagny akajifuta, akaja ukingoni, akatoa kadi ya kijani na penseli.

“Manang, unafanya nini?”

“Unaona.”

“Ukiandika ni hamsini na tisa. Kesho kutwa ni Jumamosi, mto utajaa watu kama harusi. Mmoja tu akimgusa mfalme, Solveig anakuta mto umefungwa.”

“Huenda wasimguse.”

“Kwa nini ubahatishe? Andika Alhamisi ijayo, akishaondoka. Samaki yuleyule, kadi ileile. Tarehe tu ndiyo itakayobadilika.”

“Nestor.”

“Yuko mzima! Kakuzaba kofi na mkia, wewe mwenyewe umeonja.”

Akacheka kidogo, lakini penseli haikusimama. Nilimwona ameinama kwenye ile kadi, maji yanamchuruzika puani, nikamwonea huruma kweli. Nikataka kumsaidia. Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu.

“Sikiliza. Mimi mwenyewe Jumanne nilimnasa mmoja pale chini ya daraja, mkubwa kuliko huyo. Sikuandika. Kuna aliyekufa?”

Penseli ikasimama.

“Jumanne ipi?”

“Hii ya juzi.”

Akahesabu. Niliona midomo inahesabu. “Basi ubaoni palitakiwa pawe hamsini na tisa.”

“Manang...”

“Na huyu wangu ndiye wa sitini.”

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mama yangu hakuwa na methali hiyo, lakini alikuwa na kiatu, na kilisema hivyohivyo. Ningenyamaza, Dagny angeandika hamsini na tisa yake kwa roho safi, akaomba bahati, na pengine angeipata. Mimi, kwa wema wangu, niliufunga mto kwa mdomo.

Aliketi juu ya gogo. Hakukasirika, na heri angekasirika.

“Ungekaa kimya ningekuwa na siku zangu tatu,” alisema.

“Basi fanya sijasema.”

“Umesema.”

“Fanya hukusikia, bwana! Maji yana kelele hapa.”

“Nestor, macho yangu yamechoka na magoti yamekufa. Masikio ni mazima.” Akamaliza kuandika kadi yake, akaikunja mara moja. “Kwa nini ulificha?”

“Nilimfikiria Solveig.”

Akanitazama kama alivyokuwa akitazama kwenye kile kioo.

“Nilimfikiria Solveig kidogo,” nikasema, “na duka langu zaidi. Oktoba ndio mwezi wangu wa mauzo.”

“Haya. Sikulazimishi, kadi yako ni yako. Lakini mimi, uandike usiandike, sitatupa ndoano kwenye mto huu mpaka Mei. Nimeshajua.”

Tulipanda njia, yeye mbele, mimi nyuma. Mlangoni kwangu akatia kadi yake sandukuni mbele ya watu wawili waliokuwa wakitoka, akaenda nyumbani. Nami nikakaa nyuma ya kaunta mpaka saa ya kupiga simu ikafika. Nilifikiri hivi: nisipoandika, Orvik nzima itavua, isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyetupatia mto wenyewe. Nilitafuta mahali pa kuliweka wazo hilo nikapakosa. Nikachukua kadi ya kijani, nikaandika tarehe ya Jumanne, chini ya daraja, Nestor Abrenica. Nikapiga simu. Nikaandika sitini ubaoni. Kesho yake alfajiri mto ukafungwa.

Asubuhi, kabla kahawa haijachemka, wavuvi wenyewe walikuwa wameshafika. Wa mbele ni Wendell Stubbs, fundi wa paa, mdomo wake haujui likizo. Tayari walishaambiana ni nani aliyeonekana akitia kadi jioni.

“Mabuti mapya nimenunua jana!” Wendell alisema. “Jana! Bibi wa basi katuteremsha wote njiani!”

Na Dagny naye akaingia wakati huohuo, maana kila Ijumaa huja kunywa kahawa. Watu wakatazama vikombe. Wendell hakutazama kikombe.

“Ee Dagny, mwaka huu umetushusha kabla ya kituo, siyo?”

“Wewe, Wendell, nilikushusha njiani ukiwa darasa la tano,” Dagny alisema, “kwa kumtemea mate mtoto wa Ostby. Ulistahili na ulifika nyumbani salama. Sukari iko wapi?”

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa na chumvi. Akajimiminia kahawa, akaketi. Alikuwa na neno moja tu la kusema ili lawama zimtoke, na hakulisema. Alikoroga sukari. Uso uliniwaka moto mpaka masikioni.

Nikachukua chaki. Chini ya ile sitini nikaandika: moja kati ya hizi ni ya Nestor, ya Jumanne, aliificha.

“Dagny ameandika ya kwake siku ileile,” nikawaambia. “Mimi nilificha yangu. Kama mnataka kumlaumu mtu, kaunta ni hii hapa.”

“Wewe?” Wendell alisema. “Wewe ndiye unayetuhesabia!”

“Mimi.”

“Mwenye ubao!”

“Ndiyo, Wendell, mwenye ubao. Sema mara ya tatu nikupe kahawa ya bure.”

Hakusema mara ya tatu. Aliangalia ubao, akamwangalia Dagny, akajikuna shingo muda mrefu mno kwa mtu asiye na upele. Kisha akanyoosha mkono.

“Nipe kadi.”

“Mto umefungwa.”

“Nipe tu, bwana wee. Na mimi nina wangu, wa Agosti. Kwenye kona ya msonobari ulioanguka.”

Hapo kicheko kikaja cha kweli. Dagny alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nilipopiga simu kusema tumefika sitini na moja, nikaeleza kila kitu, nikiogopa kwamba sasa watatunyang'anya mpango wetu. Yule dada wa ofisini akasema, “Sitini na moja. Nimeandika. Mwakani mwanze na penseli zilizochongwa, muandike siku ileile.”

Ya mto yakawa yameisha. Ya Solveig yalikuwa bado.

Dagny hakumwambia kwenye simu. Alitaka kumwambia uso kwa uso, na Jumapili akaja mlangoni kwangu amevaa koti lake la kutokea. “Wewe ndiye uliyefunga mto,” alisema, “wewe utaendesha gari mpaka uwanja wa ndege.” Mwanamke aliyeendesha basi kwenye theluji miaka thelathini na moja! Nikaendesha.

Solveig alikuwa mdogo wa umbo kuliko mdogo wake, ana glavu za sufu na kicheko kinachomtangulia. Walikumbatiana mpaka watu wakawazunguka na mizigo yao. Tukaingia garini, wao wote wawili kiti cha nyuma, na tulipotoka tu mjini Dagny akasema, “Dada, mto umefungwa.”

“Umefungwa?”

“Tangu Ijumaa. Wafalme wamefika sitini.”

“Umefungwa kabisa? Hata pale kwetu, kwenye mawe?”

“Kote. Mpaka Mei.”

Nilimwona Solveig kwenye kioo. Alifumba macho, akaegemeza kichwa, kifua kikapanda na kushuka. Nikajua analia ndani kwa ndani. Dagny alikuwa ametazama dirishani, mkono wake umeshika mkanda wa gari kwa nguvu. Nikaendesha kilomita arobaini nikijitukana kwa Kiilokano, lugha ya baba.

Jumatatu asubuhi Dagny akaingia dukani, akafunga mlango nyuma yake, akatazama kushoto na kulia.

“Nipe minyoo.”

“Ya nani?”

“Nestor, usinichekeshe.”

“Manang, ni wewe uliyesema minyoo ni chambo cha watu waliokata tamaa.”

“Nipe makopo mawili. Na mashua yako.”

Kuna ziwa juu kidogo ya mji, dogo, la duara, ambalo samoni hana njia ya kulifikia. Hakuna kikao kinachokaa kwa ajili yake. Liko wazi mwaka mzima na ndani yake wamo sangara wadogo wa manjano, wa urefu wa kiganja, ambao wavuvi wa heshima kama Dagny hupita wakijifanya hawawaoni. Nikawapakia dada wote wawili kwenye mashua yangu ya bati, viti viwili vya kukunja, mimi kwenye makasia. Manyunyu yalikuwa yameisha. Nikatupa nanga mbele ya matete, nikawapa kila mmoja ufito mfupi wenye chelezo chekundu cha kuelea majini.

Ndipo Solveig alipovua glavu. Vidole vyake vilikuwa vimepinda na kuvimba kwenye viungo kama tangawizi.

Dagny akaviangalia. Alikuwa ameshika kopo la minyoo, na akabaki amelishika.

“Tangu lini?”

“Mwaka wa tatu huu. Mkono wa kulia ndio mbaya. Na magoti nayo yamefuata.”

“Kila Jumapili tunaongea.”

“Kila Jumapili unanisimulia mto, Dagny. Unaniambia maji yamefika jiwe lipi. Ningekukatiza nikuambie siwezi hata kufunga vifungo vya koti?” Solveig alicheka, lakini macho yalikuwa yanalengalenga. “Nikakata tiketi. Nikasema nitasimama kwenye yale maji, nitashika huo ufito dakika kumi, nikianguka nimeanguka. Kwenye ndege nilikuwa naomba mvua. Naomba gharika. Uliposema mto umefungwa, nilifumba macho nikamshukuru Mungu njia nzima.”

“Mimi nilidhani unalia.”

“Nilikuwa nalia pia.”

Dagny alifungua kopo, akachagua mnyoo, yeye ambaye hakuwa amegusa mnyoo kwa miaka arobaini, akautia kwenye ndoano ya dada yake, akafuta vidole kwenye suruali. Kisha akatia wake.

Sangara walikuwa na njaa, lakini walikuwa na njaa upande wa Solveig tu. Alivuta wa kwanza, wa pili, wa tano. Kila mara anapiga kelele kama msichana, na kila mara Dagny anamtoa samaki na kutia mnyoo mwingine, chelezo chake mwenyewe kimetulia tuli.

“Mvuvi mashuhuri wa Mto Kellum,” Solveig akasema. “Umepata wangapi mpaka sasa?”

“Nafundisha. Mwalimu hahesabiwi.”

“Nestor, andika ubaoni: Dagny, hana kitu.”

“Nitaandika kwa herufi kubwa,” nikasema, na nikapigwa kwa kopo tupu.

Ilipofika mchana tulikuwa na sangara kumi na tisa ndani ya ndoo, wawili wa Dagny. Nilikuwa nimeleta wali kwenye chombo na siki yenye kitunguu saumu ya kuchovyea, na wao walikuwa na siagi na viazi vya kwenda kuwakaangia nyumbani, na tukabishana ni namna ipi iliyo sawa. Nimevua na watu wengi katika maisha yangu. Siku iliyonifurahisha kuliko hiyo siikumbuki.

“Mwakani uje Juni,” Dagny alisema ghafla. “Au Septemba. Wakati wowote. Hapa hapafungwi.”

“Na mto ukiwa wazi? Utauacha?”

Dagny alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo, hata mdogo wa kumfurahisha mtu, nami nilikuwa na sababu ya kulijua hilo.

“Mto nina siku nyingi za kwenda,” alisema. “Wewe nina siku tatu.”

Chelezo cha Solveig kikazama chote, na ufito ukapinda kuliko ulivyopinda siku nzima. Akajaribu kuushika, vidole vikateleza. “Dagny,” akasema, bila kicheko sasa, “siwezi.” Dagny akahama kwenye kiti chake, akapiga magoti nyuma yake kwenye maji ya chini ya mashua, akaweka mikono yake juu ya ile mikono iliyopinda, wakavuta wote wawili. Mimi nikageuka, nikaanza kuhangaika na kamba ya nanga ambayo haikuwa na tatizo lolote.